Kumbukumbu zetu zimefungwa, na ufunguo hatuna

KALEMIE – Mama mmoja mkulima kutoka upande wa Nyunzu alifika mlangoni pa redio yetu siku ya soko, kitenge chake kimejaa vumbi la njia. Hakuja kutangaza kifo, wala kutafuta mtoto aliyepotea. Alikuja kuuliza karatasi.

“Mwandishi,” aliniambia, “ile siku mulikuja na mikrofoni, tulipatana na jirani juu ya shamba la marehemu bwana yangu. Uliandika yote. Leo jirani anasema hatukupatana. Nipe yale maandishi niende nayo kwa shefu.”

Nilikikumbuka kile kikao. Watu walikaa chini ya mwembe tangu asubuhi mpaka jua linaegemea. Wazee wa pande mbili walisema, wakagombana, wakacheka, wakapatana. Katibu wa kijiji aliandika mapatano kwa mkono, watu wakaweka sahihi na alama za vidole. Mimi nilipiga picha karatasi zote tatu, nikaandika ripoti yangu, nikatuma vyote kwenye akiba ya pamoja ya mradi tuliokuwa tunaufanyia kazi. Karatasi zenyewe zilibaki kwa katibu. Baadaye watu wakakimbia, na nyumba ya katibu ikaungua pamoja na kila kitu.

Nikamjibu: “Mama, maandishi yapo. Lakini siwezi kuyafungua.”

Aliniangalia kimya. Halafu akafungua fundo la kitenge, akatoa noti zilizokunjwa, akanipa franka elfu mbili. Alidhani nataka kitu kidogo.

Ndugu msomaji, siku ile niliona haya kuliko siku zote za kazi yangu. Na kutoka siku ile nimeamua kuandika maneno haya, hata kama yatachukiza marafiki zangu wa ONG, wataalamu wa mashine na wakubwa wa serikali wanaosoma hapa. Tumekubali kuweka kumbukumbu za watu wetu ndani ya masanduku ambayo ufunguo wake uko kwa wengine. Tulikubali bila kuuliza. Tunaendelea kukubali mpaka leo.

TULIVYOFUNGWA

Nieleze namna ilivyokuwa. Redio kadhaa za kijamii za jimbo letu la Tanganyika na za majimbo ya jirani ziliunganishwa na mradi mmoja wa wafadhili. Tulipewa mashine, tukafundishwa siku nne hotelini, chakula na posho vikiwemo. Ndani ya mashine kulikuwa na programu ya kazi za pamoja: barua, kalenda, orodha ya anwani, na akiba ambamo kila mwandishi anaweka ripoti, picha na majina ya watu aliozungumza nao. Programu ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ukiwa porini bila mtandao, unaandika. Ukirudi mjini na mega zako kidogo, kila kitu kinakwenda chenyewe.

Kwa miaka kadhaa tuliijaza. Vikao vya usuluhishi, majina ya familia zilizopoteza nyumba ziwa lilipopanda, malalamiko ya wavuvi juu ya kodi, ushuhuda wa wanawake ambao sitawataja. Kisha mradi ukaisha. Mfadhili akaacha kulipa leseni. Siku moja asubuhi tuliandika neno la siri, mashine ikakataa.

Tulilalamika. Baada ya miezi walituletea diski yenye faili moja kubwa. “Vyote viko humo,” walisema. Ndiyo, vyote vimo. Lakini ile faili inasomwa na programu ya kampuni ile tu, yenye leseni hai, na kwa funguo za watumiaji ambazo hakuna aliyezitunza. Fundi wetu wa redio, kijana mwerevu anayeweza kufufua transmita kwa kipande cha waya, alikaa nayo wiki mbili. Akanirudishia akisema: “Kaka, hii ni jiwe.”

Jina la kampuni silitaji, wala la mfadhili. Si woga. Ugonjwa si wa kampuni moja, ni desturi ya biashara nzima. Ukimtukana mmoja, unamsaidia mwingine auze sanduku lake lililofungwa vilevile.

ITIFAKI NI NINI?

Wasikilizaji wetu wananiuliza: tatizo ni mashine au ni mtandao? Si mashine wala mtandao. Tatizo linaitwa itifaki. Waliosoma kwa Kifaransa wanasema protokole.

Itifaki ni mapatano ya namna mashine mbili zinavyoongea. Nani anaanza salamu, nani anajibu, barua inafungwa vipi, kosa likitokea nani anarudia. Mashine yako mkononi na seva iliyo mbali haziwezi kufanya kazi pamoja bila mapatano hayo.

Kuna itifaki za wazi na kuna za siri. Chukua redio. Mimi nikitangaza kwa FM, unanisikia kwa redio ya Kichina ya dola tano, kwa redio ya gari la mkubwa, kwa simu ya mtoto. Hakuna anayekuuliza umenunua wapi. Namna ya kutuma sauti kwa FM inajulikana, kila kiwanda kinaweza kutengeneza kipokezi. Sasa fikiri kama kila stesheni ingekuwa na kipokezi chake. Ukitaka kusikia habari za jimbo, nunua kipokezi hiki. Ukitaka mahubiri, nunua kile. Stesheni ikifungwa, kipokezi chako ni sanduku la kukalia. Tungekubali? Tungepiga kelele mpaka Kinshasa. Lakini kwa barua na mafaili ya biro zetu tunakubali.

Au chukua reli, sisi watu wa Kalemie tunaijua. Reli yetu ina upana wa milimita 1,067. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, ile reli ya zamani ya Tanzania ina upana wa milimita 1,000. Tofauti ni ndogo kuliko urefu wa kidole. Lakini hata ukivusha behewa la Kigoma kwa meli mpaka bandari yetu, haliendi hata hatua moja kwenye reli yetu. Vipimo visipopatana, mizigo inashushwa na kubebwa kichwani.

Ila reli ina heri. Mtu yeyote anaweza kuinama na kuipima kwa mita. Itifaki ya siri ni kama reli iliyofunikwa, na mwenye nayo anasema: ni mabehewa yangu tu yatakayopita, na upana sikwambii.

HAWAKUANZA NA SISI

Jambo hili halikuzaliwa Congo. Tujue historia yake, maana anayejua kamba ilivyofungwa ndiye anayeweza kuifungua.

Barua pepe ya kawaida ilizaliwa wazi. Sheria za kubeba barua kati ya seva na seva, zinazoitwa SMTP, Jon Postel alizitoa hadharani mwaka 1982, na mpaka leo kila mtu anaweza kuzisoma bila kulipa. Ndiyo maana unaweza kuwa na anwani kwa kampuni moja na ukamwandikia mtu wa kampuni nyingine, na barua inafika. Hakuna anayeshangaa. Huo ndio uzuri wa itifaki ya wazi: ikifanya kazi, watu wanasahau kama ipo.

Lakini maofisi yalitaka zaidi ya barua. Yalitaka kalenda ya pamoja, akiba ya pamoja, ruhusa za nani aone nini. Mwaka 1989 kampuni ya Lotus huko Marekani ilitoa programu iitwayo Notes, iliyotengenezwa na Ray Ozzie na wenzake. Ilikuwa kazi ya akili kubwa. Seva mbili zilizo mbali ziliweza kupatanisha akiba zao kwa laini ya simu, na mtu aliweza kufanya kazi bila mtandao kisha akaunganisha baadaye. Kwa nchi kama yetu, hiyo ni dawa hasa. Lakini lugha ambayo programu ya Notes iliongea na seva yake, NRPC, ilikuwa ya kampuni peke yake. Mwaka 1995 IBM iliinunua Lotus kwa dola bilioni 3.5. Mwaka 2019 IBM ikaiuza Notes, pamoja na programu nyingine, kwa kampuni ya India, HCL, kwa dola bilioni 1.8.

Tazama vizuri. Waliouziana hawakuuziana programu tu. Waliuziana na wateja waliomo ndani. Mtu aliyeweka kumbukumbu zake mwaka 1992 amekuwa mpangaji wa wenye nyumba watatu, na hakuna siku aliyoulizwa.

Microsoft nayo ilitoa seva yake ya Exchange mwaka 1996. Programu ya Outlook iliongea nayo kwa lugha ya ndani ya Microsoft. Zote mbili, Notes na Exchange, zilijifunza pia kutuma barua ya kawaida kwa watu wa nje. Hiyo ni haki kuisema. Lakini barua ni mlango wa mbele tu. Vyumba vya ndani, yaani kalenda, kazi na akiba za pamoja, vilibaki na lugha ya mwenye nyumba.

SUEDE ILIVYOSHTUKA

Kuna watu watasema: siri ya kampuni inatuhusu nini, bora kazi iende. Wasikilize kisa cha Suede.

Miaka ya 1990 sheria ya Marekani ilikataza kuuza nje programu zenye kufuli la siri lenye nguvu. Mwisho ulikuwa ufunguo wa biti 40. Lotus ilitaka kuwauzia wateja wa nje kufuli la nguvu zaidi, la biti 64. Basi mwaka 1996 ikapatana na serikali ya Marekani: katika Notes ya kuuzwa nje, biti 24 kati ya hizo 64 zinawekwa ndani ya kila ujumbe kwa namna ambayo shirika la ujasusi la Marekani, NSA, linaweza kuzisoma. Kwa mwizi wa kawaida, kufuli ni la biti 64. Kwa NSA, ni la biti 40 zilizobaki.

Kampuni haikuificha. Ilitangaza Marekani waziwazi. Lakini nani anasikiliza tangazo la kule mbali? Mwaka 1997 gazeti moja la Suede liliandika jambo hilo, na watu wakashtuka, maana programu ile ilikuwa inatumiwa na wabunge wa Suede wenyewe na maofisi ya serikali, pamoja na ya kodi.

Suede si kijiji. Ni nchi tajiri, yenye mainjinia na wanasheria. Kama wao waliweka barua za bunge ndani ya kufuli bila kujua nani ana sehemu ya ufunguo, sisi wa Kalemie tunaotumia programu tuliyoletewa katika boksi la mradi tunajua nini?

Na hapa nazungumza kama mwandishi wa habari. Ukinipa ushuhuda wako juu ya mwenye bunduki, unaniamini mimi. Hujaiamini kampuni usiyoijua. Mimi nikituma maneno yako kwa njia nisiyoweza kuikagua, wala mtu yeyote huru hawezi kuikagua kwa niaba yangu, nimekuweka rehani. Ahadi ya “usiogope, jina lako halitatoka” inakuwa maneno ya kinywa tu.

WALIOSHINDA WALISHINDAJE

Msidhani mambo haya hayapingiki. Kuna waliopinga wakashinda.

Mwanzo wa miaka ya 1990, Mwaustralia mmoja, Andrew Tridgell, alianza kuandika programu iliyokuja kuitwa Samba. Alitaka mashine zisizo za Microsoft ziweze kutumia mafaili pamoja na mashine za Microsoft. Hakuwa na kitabu cha lugha ile. Alifanya kama mtoto wetu anavyojifunza Kiswahili sokoni: anasikiliza mashine zikiongea, anajaribu neno, anatazama jibu, anarudia. Miaka ikapita, na Samba ikaongea.

Lakini kujifunza lugha kwa kusikiliza ukutani ni mateso, na mwenye lugha anaweza kuibadilisha kila mwaka. Kampuni ya Sun Microsystems ililalamika kwa Tume ya Ulaya mwaka 1998 kwamba Microsoft inanyima wengine maelezo ya namna ya kuongea na mashine zake. Mwezi wa tatu 2004 Tume ikaamua: Microsoft ilipe faini ya euro milioni 497, na itoe maelezo ya itifaki za seva za maofisi. Kampuni ikakata rufaa. Septemba 2007 mahakama ya Ulaya ikathibitisha uamuzi. Desemba mwaka ule, watu wa Samba wakapata maandishi kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Februari 2008 Tume ikaongeza faini ya euro milioni 899 kwa sababu ya kudai bei kubwa kwa maelezo hayo, faini ambayo mahakama ilikuja kuishusha mpaka milioni 860. Mwezi huohuo Microsoft ikaanza kuweka hadharani kurasa zaidi ya 30,000 za itifaki zake, na zile za Exchange na Outlook zikafuata mwaka uleule.

Mambo mawili yanaonekana hapo. La kwanza: siri haikuwa lazima. Miaka yote waliambia dunia kwamba haiwezekani, kwamba ni mali yao ya ndani kabisa. Siku sheria iliposimama, kurasa zikatoka, na kampuni haikufa. Inaendelea kupata faida mpaka leo. La pili: hawakufungua kwa huruma. Walifungua kwa sababu kulikuwa na mlalamikaji, tume, mahakama na faini.

Sisi tuna mlalamikaji? Tangu lini?

“LAKINI WHATSAPP NI YA BURE”

Sasa wenzangu wa redaksheni wananicheka. Wanasema: kaka, unapigana na programu za zamani, leo sote tuko WhatsApp, hatulipi leseni.

Ndiyo, tuko WhatsApp. Redaksheni yetu ni kundi la WhatsApp. Kamati ya usalama ya mtaa ni kundi la WhatsApp. Hata tangazo la mkubwa wa teritware linafika huko kabla ya kubandikwa ukutani. Sikatai, na sitamwambia mtu yeyote aondoke peke yake akaongee na ukuta. Nakubali pia kwamba kufuli lake la siri ni zuri, na namna kufuli hilo linavyofanya kazi imeandikwa hadharani na wataalamu wameichunguza.

Lakini mlango ni uleule. Hapa kwetu huwezi kutoka WhatsApp na programu nyingine ukamwandikia mtu aliye ndani. Tarehe 4 Oktoba 2021 mashine za kampuni mama, Facebook, zilipotea kwenye mtandao karibu saa sita. Dunia nzima WhatsApp ilinyamaza. Siku ile barua pepe ziliendelea kufika, kwa sababu barua pepe haina mwenyewe mmoja. Kampuni moja ikianguka, nyingine zinabeba.

Na Ulaya wameliona. Sheria yao ya masoko ya kidijitali, iliyopitishwa mwaka 2022, inalazimisha huduma kubwa za ujumbe kufungua mlango kwa programu nyingine zinazoomba kuunganishwa. Wajibu ulianza mwaka 2024, na WhatsApp ni mojawapo ya zinazoguswa. Kwa nani? Kwa watu wa Ulaya. Mkongomani akitumia programu ileile, mlango unabaki umefungwa. Kwa hiyo tusidanganywe kwamba ni suala la ufundi. Kinachowezekana Bruxelles kinawezekana Kalemie. Kinachokosekana ni mtu wa kudai.

Wengine watasema: tuna vita, barabara mbaya, umeme wa kusuasua, wewe unatuletea itifaki? Nawajibu kwa mama wa Nyunzu. Kwake hili si jambo la mashine, ni shamba. Mahali watu wanapokimbia na nyumba zinaungua, nakala iliyo mbali ndiyo nakala pekee. Ni sisi tunaohitaji akiba ya kuaminika kuliko mtu wa Ulaya ambaye karatasi zake ziko kabatini miaka mia.

Na wengine, hasa mafundi, watasema programu za wazi ni ngumu, hazina mtu wa kumpigia simu. Ni kweli zinataka fundi. Lakini ile ya kufungwa, tulipompigia mtu simu, alitusaidia nini? Serikali ya Ufaransa tangu 2019 inatumia kwa wafanyakazi wake programu ya ujumbe iitwayo Tchap, iliyojengwa juu ya itifaki ya wazi inayoitwa Matrix. Hawakuona kama ni mchezo wa watoto. Sisi tunaopenda kuiga Ufaransa kwa kila kitu, mpaka karatasi na mihuri, kwa nini hili hatuliigi?

NINACHODAI

Sitaki kulia tu. Nadai, na nataja ninayemdai.

Wafadhili na ONG kubwa: mnapoandika mradi, mnaweka mstari wa magari, wa posho, wa semina. Wekeni na mstari wa kufunga mlango vizuri. Kabla leseni haijaisha, kila redio na kila kamati ipewe nakala ya vitu vyake kwa namna ambayo mashine yoyote inaweza kusoma: maandishi ya kawaida, picha za kawaida, barua kwa muundo unaojulikana, majedwali yanayofunguka bila leseni. Msituachie jiwe na kusema mmetuachia maktaba. Mradi unaweza kufa, ushuhuda wa watu si mali ya mradi.

Serikali: tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijitali, Code du numérique. Vizuri. Basi nadai jambo moja jepesi kwa kila ofisi ya umma inayonunua programu kwa pesa za wananchi: mkataba useme kwamba itifaki na muundo wa mafaili viwe vimeandikwa hadharani, na kwamba siku ya kuachana ofisi inaondoka na vitu vyake vyote. Muuzaji akikataa, asiuze. Wabunge wetu wanajua kuuliza maswali wakitaka. Waulize na hili.

Wakurugenzi wa redio, walimu, mapadri na wachungaji wenye maofisi: kabla hamjapokea programu ya bure au ya kulipa, ulizeni maswali matatu. Nikiondoka kesho, naondoka na nini mkononi? Programu ya mtu mwingine inaweza kuongea na seva hii? Kampuni ikifa au mfadhili akichoka, nani mwingine anaweza kusoma mafaili yangu? Kama anayewaletea anajikuna kichwa, mrudishieni boksi lake kwa heshima.

Na sisi waandishi: tuache uvivu. Mimi wa kwanza. Niliweka kila kitu mahali pamoja kwa sababu ilikuwa rahisi. Sasa kila ripoti yangu yenye majina ya watu na mapatano yao ninaihifadhi mara tatu: kwa maandishi ya kawaida kwenye fleshi mbili, na nakala ya karatasi kwa waliohusika wenyewe. Inachosha. Bora kuchoka kuliko kupewa franka elfu mbili na mjane.

KILICHOPATIKANA

Noti za mama nilizirudisha mkononi mwake palepale. Nikamwomba siku tatu.

Fundi wetu alitafuta kwenye droo la studio, kati ya betri zilizokufa na nyaya, akapata fleshi ya zamani. Ndani yake kulikuwa na matangazo ya miaka ile, kwa MP3. Na humo, katika kipindi cha jioni, sauti yangu mwenyewe ikisoma mapatano ya shamba kutoka mwanzo mpaka mwisho, mipaka, majina ya mashahidi, na nyuma ya sauti yangu wazee wakiitikia. MP3 si siri. Muundo wake umechapishwa kama kanuni ya kimataifa tangu miaka ya 1990, kila simu ya sokoni inaujua. Ile fleshi ya dola nne ilitunza kilichoshindwa kutunzwa na programu ya maelfu ya dola.

Mama hana simu ya kisasa. Tuliweka sauti kwenye kadi ndogo ya simu ya mwanawe, yenye vitufe, kioo kimepasuka. Ikaongea mara ya kwanza. Aliisikiliza mara mbili, akajifunga kitenge, akaondoka kuelekea kwa shefu. Sauti ya redio si karatasi yenye alama za vidole, na jirani ana wakili. Shauri bado linaendelea. Picha za zile karatasi tatu bado zimo ndani ya diski, juu ya meza yangu, na bado siwezi kuzifungua.